Sentensi Yangu Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika. Tena aliyeniuza ni mdomo wangu mwenyewe.

Hapa Same kuna darasa la Kiingereza la bure, jioni, kwenye ukumbi wa kanisa. Watu wazima, familia nzima, njoo na kalamu yako tu. Mimi na mke wangu tunasoma pale. Wiki hii mama mkwe naye kajiunga. Ameteremka kutoka kijijini Bombo, huko milimani, kapanga chumba hapa mjini, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisifia kitu. (Fundi pikipiki, mikono grisi saa zote, anisifie nini?)

Nikasema leo atanikubali.

Mwalimu wetu, kijana mpole, akauliza nani atatueleza alichofanya Jumapili. Hajamaliza, mkono wangu uko juu! Nikaenda mbele. Nikakohoa kama mbunge. Mama mkwe kakaa benchi la kwanza, kitenge kimenyooka, ananitazama.

Ukweli ni kwamba Jumapili tulikula kwa mama mkwe. Makande, yale ya mtu anayejua kupika. Nikataka nimsifie hadharani. Tatizo ni hiyo "kwa". Kwenye Kiingereza sikujua inakaa wapi. Nikairuka. Kaneno kadogo vile, kataharibu nini?

"On Sunday, I ate my mother-in-law!" Sauti mpaka barabarani. "She was very sweet!"

Watu wakanitumbulia macho. Nikadhani nimewakosha. Nikaongeza: "Next Sunday, I will eat again!"

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja mwenye duka akateleza kwenye benchi mpaka chini. Mke wangu kajifunika khanga kichwa kizima. Mimi natabasamu, nasubiri makofi.

"Mwalimu," mama mkwe akauliza, "mkwe wangu kasemaje?"

"Kakosea kidogo tu, mama."

"Kidogo ndiyo watu walie machozi? Nitafsirie."

Mwalimu akainama kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitafsirie."

"Anasema... Jumapili alimla mama mkwe wake. Alikuwa mtamu sana. Na Jumapili ijayo atakula tena."

(Ninyi ni watu wazima. Mnajua kilichoeleweka pale.)

Huku kwetu Upareni mkwe unampisha njia kwa heshima, mimi nimemla mbele ya darasa!

Mama mkwe akasimama taratibu. Nikajua ndoa yangu imeishia hapo. Akawageukia watu.

"Huyu alikula makande. Akakwangua na sufuria." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe, irudie hiyo sentensi. Hukai mpaka uipatie."

Jasho linanitoka, mwalimu ananielekeza, nikaanza upya. Nikakosea. Nikaanza tena. Mwishowe ikatoka nzima, na mahali nilipokula pakajulikana ni nyumbani kwake, siyo yeye. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mama mkwe. Nikamsikia akimwambia jirani yake, "Huyu mkwe wangu haogopi watu."

Nimesifiwa, jamani! Njia niliyopitia msiniulize, lakini nimesifiwa.

Alhamisi narudi, na nitakaa mbele. Ila mwalimu katoa kazi ya nyumbani: kila mtu aandike kwa Kiingereza atakula nini kesho.

Mimi kesho nafunga.