Ukungu wa Baharini kwa Mkono wa Mzee Mbarouk

Jumatatu, 1 Oktoba 1951

Nimevumbua! Abeid, dresa wa zahanati, amesema sindano ya penisilini asili yake ni ukungu, ndugu wa ule unaoota kwenye mkate uliolala. Basi ikiwa ukungu wa nchi kavu unaponya vidonda, wa baharini utashindwa na nini? Mzee Mbarouk mkono wake hutetemeka hata ameacha kwenda barazani, anaona haya kumwaga kahawa. Nikimponya, atanipa binti yake Sihaba. Hamdu naye ameposa. Jibu ni Ijumaa. Hamdu ana minazi. Mimi nina akili.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimekwangua nguzo za wando, ule uzio wa kunasia samaki, Ghuba ya Chole. Mawimbi huzitikisa mchana kutwa, na ukungu wake haubanduki. Dawa ya kutetemeka, iko wazi! Shaibu mwenye wando akadhani naiba samaki wake. Nikamwambia ni utafiti. Akauliza huliwa kwa wali au kwa muhogo. Mjinga.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimechemsha. Dada Kidawa kanifukuza jikoni, ati inanuka pweza aliyesahauliwa. Husuda tu. Nimetia asali na iliki.

Alhamisi, 4 Oktoba

Ee Mola! Nilimwamkia Mzee shikamoo, akaitika marahaba, yote shwari. Hamdu alikuwapo, Sihaba nyuma ya pazia. Nikasahau jambo ambalo kila mtoto wa Mafia analijua: mtoa dawa huonja kwanza, asidhaniwe ameleta sumu. Mzee akanisogezea kikombe. Hamdu akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba mganga wa kweli haonji, humaliza. Nikamaliza!

Ikaanza mikono kutetemeka, kisha miguu, kisha tumbo. Nikakimbilia chooni, nyumbani kwa mkwe! Mzee alicheka hadi kofia ikaanguka. Sihaba pia alicheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 5 Oktoba

Baada ya sala Mzee kaniita. Kaweka mkono wake kando ya wangu, yote miwili inatetemeka. Kasema tangu jana haoni haya tena, twende barazani tukamwage kahawa pamoja. Nilikaribia kulia. Huko barazani kanikaribisha harusini. Ya Hamdu.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimetafakari sana. Dawa haina kosa, nilikosea kuchagua ugonjwa. Kuna Saleha wa Jibondo, mzuri kuliko Sihaba, na baba yake husahau kila kitu. Nimeshaazima sufuria kwa jirani. Nikimponya, atanipa binti. Nisipomponya, hatakumbuka.