Lori la Marehemu Lina Thamani Gani?

Jumatatu, 3 Machi
Miezi minane tangu mume wangu afariki, na mahakama bado haijanipa usimamizi wa mirathi. Lori lina jina lake. Bima imekwisha, na hakuna kampuni inayomkatia bima mtu aliyekufa. Huku mkandarasi anataka nimfyatulie matofali elfu mbili ya kujengea shule, nimfikishie mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Bila lori, kazi inakwenda kwa jirani yangu mwenye mashine mpya na kiburi kipya.

Karani wa mahakama amenirudisha tena na tena. Mara cheti cha kifo, mara cha ndoa, mara picha zangu hazina rangi inayotakiwa. Leo ametaka orodha ya mali na thamani yake. Na ada inafuata thamani! Nikapiga hesabu palepale kwenye benchi. Nikaandika: lori, chuma chakavu, bei ya kilo. Nimeokoa asilimia tisini. Karani akauliza, mama, chuma chakavu chenye namba za usajili? Nikamwambia hata usukani kinao. Akagonga mhuri. Shule sikufika mbali, lakini hesabu niachieni mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Tangazo la mirathi limebandikwa ubaoni, mali na thamani yake, na shemeji, mdogo wake marehemu, amelisoma mpaka nukta ya mwisho. Amekuja na pesa mkononi, amependeza kama bwana harusi. Eti pole sana shemeji, sikujua lori limeoza, nalichukua kwa bei hiyohiyo ya kilo, hata sasa hivi. Nikamwambia haliuzwi. Akasema basi ile thamani ni uongo, akaenda zake kuweka pingamizi. Tunasikilizwa Jumanne. Halafu watu wanauliza mirathi inacheleweshwa na nini. Ndugu!

Jumamosi, 8 Machi
Akili imefanya kazi. Shemeji anaona lori ni zima? Basi lichakae. Nimetoa upepo magurudumu yote, nimepaka vioo matope, nimefungia kuku ndani. Shemeji akachungulia juu ya ukuta, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikajua nimeshinda.

Hapo ndipo mkandarasi alipoingia! Amekuja kukagua gari litakaloleta matofali yake. Akamwona jogoo juu ya usukani. Akauliza, mama, dereva ndiye huyu?

Jogoo nje. Upepo ndani. Nikawasha, injini ikaitika mara moja, jamani! Nikapakia matofali, nikazunguka ua huku napiga honi. Mkandarasi akasema kazi ni yangu, ila nikamilishe makaratasi. Furaha! Nikageuka. Shemeji bado yuko pale ukutani, anapiga makofi.

Jumanne, 11 Machi
Hakimu akauliza, mama, ni lori au ni chuma? Shemeji akaombwa aeleze alichokiona. Akaeleza jogoo, matope, honi, na mikono akaitumia. Ukumbi mzima ukacheka. Hakimu akajificha nyuma ya faili. Nikaona nimekwisha.

Kumbe shemeji hata lori halitaki, zile pesa alikuja nazo kunipima tu. Akasema kaka yake aliliosha gari lile kuliko alivyoiosha miguu yake mwenyewe, na kuliita chuma chakavu ubaoni, mbele ya watu, ni kumvua nguo marehemu. Nikalia. Nikacheka. Vyote kwa pamoja. Nikaandika thamani ya kweli, nikalipa ada yote (ilinichoma!), pingamizi likaondolewa. Mimi ni msimamizi wa mirathi! Shemeji amejitolea kuendesha. Neno kujitolea amelitamka yeye, kwa hiyo simlipi.

Ijumaa, 14 Machi
Lori limejaa, liko nyuma ya nyumba. Shemeji anafuta vioo. Wakala wa bima amekuja na mkoba wake. Akasema gari la biashara hulipiwa bima kubwa, la kubaki nyumbani nusu. Nusu! Nikavuta pazia. Nikamwambia lile ni kumbukumbu ya marehemu, halitoki uani, tunalitazama tu tukimkumbuka. Akasikitika, akaandika nusu, akanipa cheti.

Kisha akauliza atapata wapi usafiri wa kurudi mjini na jua hili. Nikamwambia asihangaike, apande tu, tunapeleka matofali huko huko.

Tulimweka katikati, mimi huku, shemeji kule. Njia nzima alikuwa anaandika tu. Watu wenye bidii namna hii nawapenda.