Dawa ya Meno Niliyoipima kwenye Sufuria

Jumatatu, 3 Machi

Nimeaibika leo mbele ya binti anayetosha kuwa mjukuu wangu. Na huyo ndiye daktari wa meno!

Nilikwenda kumsindikiza tu mke wa mwanangu. Mkamwana wangu ana mimba ya miezi saba, na fizi zinamvuja damu kila akipiga mswaki. Mimi sikuwa mgonjwa. Ila pale kwenye benchi nikanywa funda la maji ya baridi, nikapiga ukelele mpaka mlinzi akaja mbio. Nikasema ni mbu. Mbu, saa nne asubuhi! Daktari akachungulia mlangoni, akasema bibi, ingia na wewe.

Akanipa kioo. Akanionyesha meno yalivyolika pale yanapoingia kwenye fizi, kama mguu wa meza uliotafunwa na panya. Akauliza napigia mswaki kwa dawa gani. Nikasema dawa ya kawaida. Mkamwana wangu, ambaye hajui kumfichia mtu, akasema daktari, mama anatumia mkaa wa kusaga na chumvi, tena anasugua mpaka majirani wanasikia. Nikamkata jicho.

Daktari akatuambia sote wawili: mswaki laini, mkono mwepesi, na dawa ya meno nyororo, ile ya watu wenye ganzi ya meno. Weka kidogo katikati ya vidole viwili, sugua. Ukihisi mchangamchanga, iache. Ikiteleza, hiyo ndiyo yako. Iwe jeli, iwe krimu, hapo chagua mwenyewe, mradi isikwaruze.

Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Moyoni sikukubali. Nimesugua sufuria za jiko la shule ya bweni miaka thelathini na moja. Darasani sikukaa hata siku moja, na hizi herufi ninazoandikia nilizipata kwenye magunia ya unga. Lakini kwenye mambo ya uchafu, nani wa kunifundisha? Kitu kinachoteleza hakisafishi. Kinapita kinasalimia, basi.

Jumanne, 4 Machi

Bibi Marashi amekuja. Ni mama mzazi wa mkamwana wangu. Nimempa jina hilo kwa sababu harufu yake hukaa kwenye kochi kabla yeye hajavua viatu.

Amemletea binti yake dawa ya meno ya jeli. Buluu, unaona mpaka ng'ambo kama kioo cha dirisha. Akaniambia, mkwe, hii inateleza mpaka raha. Akanitazama mdomoni. Akasema pole na meno. Nani kamwambia?!

Halafu akalitoa la moyoni. Anataka binti yake akajifungulie kwake. Chumba kipo, ameshakipaka rangi. Mkamwana akainamisha kichwa, akasema bado anafikiria, maana mama wa hapa anamtunza vizuri. Mama wa hapa ni mimi! Nikafungua kinywa nicheke, upepo ukanipiga jino. Nikachekea puani.

Wajukuu wangu wengine wote walizaliwa mbali. Niliwaona kwenye picha, wameshaota meno. Huyu nitampokea mimi, kwa mikono yangu hii. Kwa hiyo fizi za mama yake zitaponea humu ndani, na mponyaji atakuwa mimi, si jeli ya mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka dukani na dawa tatu. Jeli kama ile ile ya Bibi Marashi. Krimu nyeupe nyororo. Na ya kung'arisha, yenye chembechembe unazoziona kwa macho. Muuza duka akauliza bibi una midomo mingapi. Nikamwambia ushike adabu.

Nikachukua sufuria iliyounguza maziwa. Nikaigeuza. Nikagawa kitako chake sehemu tatu, kila dawa na sehemu yake, mswaki mmoja, misuguo ishirini ishirini. Haki bin haki.

Jeli ikateleza, masizi yakabaki yananitazama. Krimu ikatoa kidogo, kwa kubembeleza. Ya chembechembe, aisee! Msuguo wa kumi na tano niliona jicho langu mwenyewe linanikonyeza. Sasa dawa inayong'oa masizi ya mwaka jana ishindwe na ugonjwa wa fizi? Daktari yule bado mtoto. Hajawahi kukutana na sufuria.

Nilijua mkamwana atakataa. Nikangoja akaoge. Nikaukata mkia wa tyubu yake, nikaikamua jeli, nikajaza ya chembechembe. Nikachanganya na jeli kidogo ili rangi ibaki. Nikaukunja mkia, nikaubana kwa pasi ya moto. Plastiki ikanuka nyumba nzima. Mwanangu akauliza nini hicho. Nikasema jirani anachoma takataka.

Fundi nimemaliza kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Sinki jekundu.

Mkamwana wangu hali. Mkate hawezi, hata ukilowekwa. Tangu jana anapiga mswaki kwa uaminifu, asubuhi na jioni, na kila akipiga ndivyo anavyozidi. Mwanangu akampigia simu Bibi Marashi, akamwambia dawa aliyoleta imemchubua mkewe. Alimwambia kwa heshima, vile mtu anavyosema na mama mkwe, na hiyo huuma kuliko matusi.

Nilifurahi. Naandika ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Nilifurahi kwa muda wa birika moja kuchemka.

Kisha nikampelekea chai iliyopoa. Nikamkuta ameshika tumbo, anamwambia mtoto avumilie kidogo, chakula kinakuja, ni mdomo wa mama tu unauma. Akanitazama, akasema asante mama, wewe ndiye unayenijali.

Nikatoka na kikombe kikiwa bado mkononi. Nimesahau hata kumpa.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi Marashi amekuja bila marashi. Macho yamevimba. Akanishika mikono yote miwili, akasema mkwe, nimemuumiza mwanangu mwenyewe. Alichagua ile dawa kwa kufungua kifuniko kimoja kimoja dukani na kunusa. Akasema lile suala la chumba tuliache. Binti abaki kwangu, maana mimi ndiye ninayejua kutunza.

Nimeshinda! Kila nilichotaka kiko mezani. Na mimi nimesimama pale, mikono yangu ndani ya mikono yake, natamani sakafu ipasuke niingie na viatu vyangu.

Akaomba apewe ile tyubu, aende akagombane na muuza duka. Akaigeuza. Akauona mkia, na alama ya pasi yenye vitundu vyake vya mvuke. Akamtazama mwanangu. Mwanangu akanitazama mimi. Nikaanza habari za jirani na takataka. Sauti ikakatika njiani.

Nikasema ni mimi.

Nikaeleza yote. Jeli, pasi, misuguo ishirini. Nilipofika kwenye sufuria, mkamwana akasema nikailete. Nikaileta. Akaiweka mapajani, akapitisha kidole pale panapong'aa. Akauliza kama kweli nilidhani mdomo wake ni sufuria. Akaanza kucheka, akashika shavu kwa maumivu, kicheko kikageuka kilio. Mwanangu akasema, mama. Basi, hilo tu.

Bibi Marashi hakunitukana. Heri angenitukana! Alivuta kiti, akanikalisha kama mgonjwa.

Mkamwana akasema ataondoka Jumatatu, akajifungulie kwa mama yake. Akasema hana hasira, ila anataka kupumzisha mdomo. Sikubembeleza. Ningebembeleza kwa uso upi? Nilichukua sufuria nikaenda kuiosha, ingawa ilikuwa safi.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi mkamwana aliniita bafuni. Mimi, mhalifu! Akanikamulia ile krimu nyeupe kati ya vidole viwili. Akaniambia mama, sugua, kuna mchanga hapo? Hakuna. Akanipa mswaki laini aliomtuma mumewe anunue. Akanishika kiwiko, akaniongoza polepole, kuanzia kwenye fizi kuja chini, kama mtu anayempangusa kifaranga. Nikasukutua kwa maji ya baridi. Jino likanung'unika tu, halikupiga kelele.

Yeye naye anatumia hiyo hiyo. Leo amekula ndizi mbivu mbili.

Akasema uchungu ukianza, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni mimi, iwe saa yoyote. Anataka mkono wangu wa kushika, maana una nguvu. Baada ya yote niliyomtendea! Nikalilia ndani ya taulo. Nikaapa kwa sauti, yeye akiwa shahidi: sitagusa tena kitu cha mtu.

Nikajitolea kumfungia begi, angalau nijipatanishe. Nguo za mtoto nikakunja. Kofia. Soksi kama vidole vya glavu. Chini yake nikakuta mafuta ya mtoto, kanunua Bibi Marashi. Nikatikisa chupa. Mepesi, kama maji. Mafuta gani haya?

Nikadondosha tone moja kwenye bawaba ya mlango wa chumba. Moja tu. Nikafungua na kufunga mara ishirini. Mlango bado unalia.

Sasa mafuta yaliyoshindwa kunyamazisha bawaba yataiwezaje ngozi ya mjukuu wangu?

Kopo langu la mafuta ya mgando liko kwenye moto mdogo, linayeyuka. Chupa nimeshaimwaga. Mdomo wake ni mwembamba, na yakiganda humo sijui yatatokaje, lakini hilo ni la Bibi Marashi na chumba chake cha rangi. Mkamwana yuko sebuleni, anasikia nafungafunga milango, anauliza kama nahitaji msaada. Nimesema hapana mwanangu, pumzika.

Aibu ninayo. Ndiyo maana namimina taratibu.