Kitabu Kilichokosa Hatua Moja

Jumatatu, tarehe 4

Leo dunia imepata mtu wa kuifumbua macho. Mtu huyo ni mimi. Hakuna aliye hai anayeyajua mambo ya ghaibu kunishinda, ukimtoa Shangazi, na Shangazi ni mzee, hahesabiki. Niliwahi kuizuia mvua kwa kuikazia jicho tu. Walioshuhudia wote wamehama.

Kitabu nimekimaliza. Kinaitwa Ghaibu kwa Kila Mtu. Namna ya kurudisha kilichopotea, kumtuliza mbwa mkali, kumwondoa mgeni asiyejua kuaga. Yote wazi, hatua kwa hatua, kama mapishi. Mke wangu kasoma ukurasa mmoja, akauliza kama Shangazi anajua. Nikamwambia asiniletee mkosi. Jumapili Shangazi anakabidhi mkoba wake wa dawa, na mrithi ni mimi au binamu yangu kinyozi. Mwenye kitabu na mwenye mkasi! Hata kipofu angechagua.

Jumanne, tarehe 5

Nimekwenda kwa Shangazi. Nikamgusia kwa mbali: si vizuri elimu hii iandikwe, isije ikazikwa na wazee? Akauliza wazee gani hao wanaozikwa. Nikatumia muda mrefu kuomba radhi.

Kisha akasema elimu hii hutolewa mkono kwa mkono, mtoaji akimtazama mpokeaji usoni. Kitabu hakimwoni anayekisoma. Hakijui kama ni mlevi, kama ana kisasi, au ni bwege tu. Aliposema bwege alinitazama. Nikajibu kwamba elimu ikifichwa huchacha kama uji. Akasema sawa, mwanangu, lakini ukigawa uji wa moto, kaa hapo umwone anayekunywa. Sikuelewa. Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Kinyozi alikuwepo, kimya, kalishika shavu. Shangazi akamsifu: huyu ndiye mtu mwenye kifua cha kutunza siri! Kifua gani? Ni jino! Jino limemvimba! Nikasema hivyo, nikaambiwa nina wivu.

Jumatano, tarehe 6

Akili yangu wakati mwingine inanitisha. Mabingwa wa kweli hawatoi yote, siku zote huzuia kitu. Basi katika kila sura nimefuta hatua moja. Anayeitaka atakuja kwangu kwa magoti. Siri imetoka na siri imebaki! Shangazi mwenyewe atakosa la kusema. Makaratasi ya mwanzo nimeyachoma jikoni, wezi wasiyapate.

Kitabu nimempelekea mpiga chapa. Kafurahi, hasa na sura ya vitu vilivyopotea, maana funguo za duka lake hazionekani.

Alhamisi, tarehe 7

Balaa. Mpiga chapa kaja na kiatu kimoja.

Anasema alikifuata kitabu neno kwa neno. Kafunga fundo kwenye kona ya leso, kanong'ona "funguo", katia leso mfukoni. Papo hapo funguo zikaanguka kutoka kwenye rafu. Nikampongeza! Akasema ngoja kwanza. Funguo zilipokuja, mkasi ukaondoka. Kisha miwani. Kisha wino, chupa nzima. Kisha kiatu, kikiwa mguuni! Nikamweleza kwamba hiyo ni dalili ya kitabu chenye nguvu. Akasema, "Mjomba, hiyo nguvu yako iite irudi kwako, la sivyo Jumapili nakwenda kwa shangazi yako."

Ipo hatua ya mwisho, ya kufanya baada ya kitu kurudi. Ndiyo niliyoifuta. Nimeisahau.

Nimeisahau! Nimekaa kwenye ngazi, nimejipiga kofi, haiji. Nikimwuliza Shangazi, mkoba umekwenda. Nisipomwuliza, mkoba umekwenda vilevile. Nimechukua leso ya watu na kuitia mfukoni mwangu, angalau duka lake lipone.

Ijumaa, tarehe 8

Nimekwenda kumchokonoa kinyozi kwa ujanja. Kwake hukai bila kunyolewa, basi nikakaa. Nikauliza, kwa mfano tu, mtu akishafunga fundo hufanyaje? Akaguna. Nikauliza tena. Akaguna. Alipofika nusu ya kichwa, wembe ukapotea mkononi mwake. Mashine nayo. Kitana pia. Wateja walicheka mpaka mmoja akatoka nje kutapika.

Nimerudi nyumbani na kichwa cha watu wawili. Mke wangu kafunga madirisha, majirani wasinione.

Jumapili, tarehe 10

Hata kofia ya kufichia kichwa imepotea. Nimekwenda kwa Shangazi hivyohivyo. Mpiga chapa alikuwa katangulia na kashaeleza yote, soksi yake imetoboka kidole gumba. Shangazi akanyoosha mkono, nikampa leso.

Akalifungua fundo. Basi! Ni hilo tu! Kiatu kikadondoka, sijui kutoka wapi.

"Umewafundisha watu kufunga," akasema, "hukuwafundisha kufungua. Huyu kabahatika, alikuwa anatafuta funguo. Je, angekuwa mama anayetafuta mtoto, katika nyumba yenye watoto wengine?"

Nikainamisha kichwa, nikakumbuka kilivyonyolewa, nikakiinua tena.

Mkoba kapewa kinyozi. Alipofungua mdomo kushukuru, machozi yakamtoka. Watu wakasema, tazameni unyenyekevu! Nikataka kusema jino, nikakumbuka nitaambiwa tena nina wivu. Tangu ujana wangu nimemwambia kila mtu kwamba mkoba ule ni wangu. Njiani mke wangu kanishika mkono, mbele za watu. Hilo ndilo lililonimaliza.

Jumatatu, tarehe 11

Nimeamka na wazo! Kitabu cha Pili: Kufungua. Kitauzwa peke yake. Shangazi mwenyewe kasema, mbele ya mashahidi, kwamba watu wafundishwe kufungua. Ruhusa gani nyingine naitaka?

Kalamu haikuonekana. Nikafunga fundo kwenye leso yangu. Dogo sana. Kalamu ikaja. Nikasema nitalifungua nikimaliza sentensi ya kwanza, maana ilikuwa imekolea. Nilipoimaliza, leso yenyewe ilikuwa imepotea, na fundo lake.

Tangu hapo zimekwenda suruali, zote. Naandika haya nimevaa sketi ya mke wangu, ile ya maua, na zipu haifungi.