Ng'ombe Watatu kwa Ajili ya Hewa

Hamdun alikuwa hajamaliza kusuuza vikombe redio yake ilipotangaza kwamba ng'ombe wanaipasha dunia joto. Asubuhi yote hiyo! Mimi huja hapa kando ya msikiti wa Bungoma kunywa kahawa ili nizikimbie habari mbaya, lakini Hamdun, tunayemwita Birika, hawezi kuchemsha maji bila redio.

"Ati ng'ombe?" akadakia Shafi. Ni mwendesha boda, jina lake la barabarani Masafa, na sijawahi kumwona akikosa maoni. "Hata yule wa jirani yangu, mbavu zote nje?"

"Yeyote anayekula nyasi," akasema Mwalimu Nyongesa. Alifundisha sayansi miaka thelathini na bado hajakubali kwamba amestaafu. "Nyasi inachachuka tumboni, inatoa gesi. Methani."

"Si useme tu ananyamba, Mwalimu."

"Anabeua. Inatokea mdomoni."

Birika akaguna. "Astaghfirullahi. Na maziwa yake tunakunywa."

"Sikizeni," Mwalimu akavua miwani, nikajua hapo tumekwisha. "Jua linaleta joto, joto linataka kurudi juu, gesi inalishika. Kama blanketi. Bila blanketi tungeganda wote. Lakini sisi tunaongeza ingine juu, na ingine, na moshi ya gari, na makaa ya Birika hapa..."

"Makaa yangu uyawache," akasema Birika.

"Na hewa ilikuwa hivi tangu mwanzo?" nikauliza. Kosa langu.

"Wapi! Zamani kabisa oksijeni haikuwa. Halafu vidudu vya kijani vya majini vikaanza kuitoa. Viumbe wengi waliokuwa hapa kabla yao, kwao ilikuwa sumu. Wakaisha."

Masafa akapiga paja. "Bana! Kwa hivyo wa kwanza kuchafua hewa ni mboga?"

"Kwa lugha yako, ndio. Lakini hiyo ilichukua mamilioni ya miaka. Sisi tumeharibu yetu kwa miaka mia mbili tu."

"Na hao mboga hawakupanda ndege waende mkutano wa hewa," Birika akamalizia.

Tulikuwa bado tunacheka Mukhwana alipotokea, kofia mkononi, bahasha kwapani. Mukhwana ni Chairman. Chairman wa nini, hakuna ajuaye, kwa sababu kila kamati aliyoiongoza ilikufa. Jumamosi hii watu wa Sifuna, baba wa bwana harusi, walikuwa waje kutoka Matisi, kule Kitale, kumletea mahari ya binti yake Phelista. Ng'ombe kumi na tatu. Zizi alishalijenga upya, na tulishalisikia hilo zizi mpaka tukachoka.

"Mwalimu, nisomee hii balua," akasema. "Mimi nimesoma mara tatu, nimekataa kuerewa."

Mwalimu akasoma. Nilimwona anauma mdomo asicheke.

"'Mzee wetu mpendwa. Kijana wetu, kama mjuavyo, anafanya kazi na mradi wa hali ya hewa. Baada ya kutafakari madhara ya mifugo kwa anga, familia imeonelea kuleta ng'ombe watatu badala ya kumi na tatu. Watakuwa wadogo, maana mdogo hubeua kidogo.'"

Masafa alianguka kutoka kwenye benchi. Si mzaha, alianguka.

"Mnacheka!" Mukhwana akafoka. "Huyo kijana alikuja kumposa mtoto wangu na magari sita! Ya saba ilibeba spika! Siku hiyo hewa haikuwa mgonjwa?"

"Labda ilikuwa imepona kidogo, Chairman," nikasema.

"Nyamaza wewe. Mtoto wangu amesoma mpaka diproma. Ng'ombe tatu? Watu watasema Phelista ako na kasoro!" Hapo tukaacha kucheka, maana mzee alikuwa na uchungu wa kweli.

"Mzee, ya gesi si uongo," Mwalimu akasema polepole. "Mwaka huu nimepanda mahindi mara mbili. Ya kwanza ilikauka nikiiangalia. Hewa imebadilika, hiyo usibishe."

"Sasa na wewe uko upande wao?"

"Ngoja, ngoja," Masafa akajipangusa vumbi. "Chairman, hao ng'ombe kumi ambao hawawaleti, wanaenda wapi?"

"Wanabaki kwa Sifuna, Matisi."

"Na wakibaki Matisi, watafunga midomo?"

Birika akatua birika. Mwalimu akarudisha miwani usoni, akamwangalia Masafa kama mwanafunzi wa mkiani aliyepata mia.

"Hewa ya Kitale na ya Bungoma ni moja," Mwalimu akakiri. "Haina boma."

"Umesikia!" Mukhwana akarukaruka. "Wezi! Wanataka kuchafua hewa kwao, halafu mimi ndio niisafishe na mtoto wangu! Mwalimu, andika: kumi na tatu, wakubwa, na wabeue wakiwa kwangu!"

"Hiyo barua lete niwashie jiko la pili," Birika akanyoosha mkono.

Mukhwana akataka kumpa. Kisha akaivuta. Akaitazama, akaikunja vizuri, mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Chairman, si ichomwe?"

"Kuchoma karatasi ni kuharibu hewa," akasema, macho barabarani.

Masafa akamkazia macho. "Chairman. Kijana wako Kevin anaoa lini?"

"Jumamosi ingine. Tunaenda kwa kina Chepkorir, kule mlimani." Akakohoa. "Wale watu wanadai ng'ombe kumi na mbili, na hawajasoma. Mwalimu, ile gesi ya mdomo umesema inaitwaje? Niandikie pore pore."