Funguo za Usukani

Redio ya muuza kahawa ndiyo iliyotuharibia asubuhi. Ilitangaza kwamba bunge limepitisha sheria: wakubwa wa kampuni, na yeyote anayenong'onezwa na wakubwa hao, marufuku kununua au kuuza hisa kwa kutumia siri ambazo umma haujazisikia. Atakayekamatwa ni jela.

Kijiwe kizima kikamgeukia Usukani, aliyekuwa ndiyo kwanza anawasili. Huyu ni dereva wa mkurugenzi wa kiwanda cha saruji, na kwa sababu hiyo tu amekuwa akikalia benchi letu kama waziri. Siri za bosi hasemi, anajiheshimu. Lakini sisi tulishajiongeza: akiweka funguo za gari benchini, tunanunua hisa za saruji, zikibaki mfukoni, tunauza. Na tumepata, nisiseme uongo. Fundi Sindano cherehani yake ya pili ilitoka humo humo.

Sasa Usukani, hana habari, akaketi na kuweka funguo benchini. Wote tukatazama juu utadhani tunatafuta dalili za mvua.

"Toa hizo," Fundi akasema, meno kayabana. "Nina watoto mimi."

"Funguo zangu zimekukosea nini?"

Profesa, ambaye chuo kikuu anakijua kwa kuuza vitabu getini, akamweleza kwamba kisheria hizo si funguo tena, ni taarifa. Akashauri Usukani ahamie kijiwe cha ng'ambo ya barabara, kwa usalama wa wote. Fundi akaunga mkono. Nami nikaunga mkono, na roho iliniuma, maana kule ng'ambo hakuna kivuli wala mtu wa kutaniana naye.

Usukani akatutazama mmoja mmoja. Nilimwonea huruma kwelikweli. Mtu anaheshimiwa mahali pamoja tu duniani, na ndipo hapo anapofukuzwa.

"Jamani, nikiwaambia kitu mtaniacha nikae?"

"Usituambie kitu!" Fundi akaziba masikio.

"Ndiyo hivyo, sina cha kuwaambia. Bosi akitaka kupiga simu ananiambia nisimamishe gari, anashuka. Tangu aniajiri, maneno yake kwangu ni 'kata kulia' na 'kata kushoto'."

"Na funguo?" Profesa akauliza.

Usukani akasimama, akageuza mfuko wa suruali yake ya kijivu. Kidole kikapenya chote upande wa pili. "Nikivaa hii, naziweka benchini zisianguke. Nikivaa ile ya bluu, mfuko mzima."

Fundi akauchunguza ule mfuko. Nadhani alikuwa akiiwaza cherehani yake. Kisha akapasuka kicheko, nasi tukadakia, mpaka muuza kahawa akazima redio ajue kuna nini. Hatuna kosa! Profesa akasema ujinga wetu ni ushahidi tosha mbele ya mahakama yoyote. Fundi akachomoa sindano auzibe ule mfuko palepale, Profesa akamdaka mkono, akamwomba asiharakishe.

Usukani akasogezewa kahawa, nafasi yake benchini ikapanguswa. Yeye peke yake hakucheka.

"Sheria ya nchi nzima," akasema, "imewagusa wakubwa, ndugu zao, rafiki zao. Mimi ninayewaendesha, imenipita."

Fundi akamshika bega. "Usijali, kaka. Labda wakija kuirekebisha."