Viatu Vimetangulia

Crispus alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama nusu ndani ya kiyoyozi cha Bi Mwanarusi, akimtafuta mjusi. Haikuwa kazi kubwa, kwani mjusi mwenyewe alikuwa ndani ya mkono wa shati lake. Alikuwa mjusi mkavu, asiye na mkia, na alikwisha kupatikana katika viyoyozi vingi vya Kizingo.

"Salaale! Mama, njoo uone mwenyewe. Hewa yote unayovuta usiku imepitia kwa maiti huyu."

Bi Mwanarusi aliweka chini sinia la asmini. Chumba kile ndicho kilichomtunzia maua yasinyauke kabla hajayafunga vikuba vya kuvaliwa kifuani, na kesho kulikuwa na arusi. Alimpokea mjusi kiganjani, akamgeuza taratibu.

"Maskini. Na mkia wake?"

"Umeingia kwenye mashine, Mama. Hapo ndipo penye hatari. AC hii lazima iende karakana."

"Karakana gani, mwanangu?"

Mwongo aliyekomaa hasemi uongo mtupu, maana huchosha kuukumbuka. Crispus alisema kweli: ghala la Mwembe Tayari, lenye mlango wa kijani. Hakusema kwamba humo mlikuwa na AC za Kizingo ambazo hazikurudi kwa wenyewe, wala kwamba mnunuzi wake angefika jioni ile ile. Ufunguo wa ghala aliuficha ndani ya kiatu cha kulia. Kizingo maficho hayo hayakuwahi kumsumbua. Huko fundi huingia na viatu vyake. Hapa Kuze, mtaa wa Bi Mwanarusi, viatu huvuliwa mlangoni, na Crispus alikuwa amevivua bila kufikiri, huku akisifia nakshi za mlango.

"Basi kunywa kahawa kwanza," alisema Bi Mwanarusi. "Kisha nisafishie papo hapo ilipo. Ikikataa kupoza, utaichukua."

Akaingia chumba cha pili kumpigia simu Mapenzi, mwenzake anayekaa Kizingo. Alianza kwa salamu, kama inavyostahili: nyumbani, kazini, watoto, homa ya mdogo, mguu wa mama mkwe. Crispus, mwenye haluwa kinywani, aliacha kusikiliza zilipofika kwenye mguu. Angevumilia kidogo tu, angesikia swali lililofuata:

"Na yule mjusi wa kwako, Mapenzi, alikuwa na mkia?"

Crispus alisafisha. Ufundi alikuwa nao; aliuacha kwa sababu ulikuwa na jasho jingi. Alichomoa vichujio, akavisugua, maji meusi yakajaa ndoo. Alipowasha, chumba kikapoa kwa ukaidi.

"Imepoza!" alisema Bi Mwanarusi.

"Inakudanganya tu, Mama."

"Basi tuiache idanganye. Ahsante sana, mwanangu."

Crispus akafika mlangoni. Hapakuwa na viatu.

"Mama, viatu vyangu!"

"Vimetangulia kwa Mzee Taib, hapo pembeni. AC yake inadondosha maji kitandani. Sisi fundi akishaingia mtaani, viatu vyake humtangulia, asipotee njia."

Crispus alikimbia peku. Mzee Taib alimpokea kwa salamu ndefu kuliko kichochoro chenyewe.

"Mzee, mashine hii imekufa," alisema Crispus bila hata kuitazama.

"Imekufa saa ngapi? Nimeiacha inanguruma sasa hivi."

"Ni mngurumo wa mwisho, Mzee."

"Basi ipe dawa, tuusikie na wa kwanza."

Bomba la maji lilikuwa limeziba. Crispus alilizibua, akateremka mbio. Mlangoni palikuwa na kandambili za Mzee Taib peke yake.

"Vimetangulia," alisema Mzee Taib. "Nimevikung'uta mchanga kabisa. Nyumba ya tatu, AC yao inapiga kelele usiku."

Nyumba ya tatu ilimpeleka kwa nyingine, na hiyo kwa nyingine. Kila mahali palikuwa na kahawa na vumbi, na kila mahali viatu vilikuwa vimeondoka punde tu. Simu ilitetemeka mfukoni. Mnunuzi alikuwa anauliza yuko wapi. "Nipe nusu saa," alinong'ona Crispus, akachomoa kichujio kingine.

Jua lilikuwa linashuka Bi Mwanarusi alipomkuta juu ya paa, feni ya mashine imefunguliwa vipande vipande mbele yake.

"Mama, nakuomba. Viatu."

"Vimekwenda Kizingo."

Crispus akaangusha bisibisi.

"Ufunguo ulidondoka Mzee Taib alipovikung'uta. Tukamwita Mapenzi auangalie, naye akaondoka nao pamoja na viatu, akaenda na jirani zake wa Kizingo hadi ule mlango wa kijani ulionitajia Mwembe Tayari. Wamezikuta AC zao zote. Kumbe Kizingo nao wanajuana! Alitaka kupitia polisi. Nimemwambia, mwanangu, tusiharakishe kumhukumu mtu; fundi alizichukua kuzitengeneza, na kesho atazirudisha ukutani mwenyewe. Au nimekosea?"

Crispus alitazama chini. Mlangoni palikuwa na wanaume wanne wa mtaa, wamekaa barazani, wanamsubiri kwa adabu kubwa.

"Hujakosea, Mama."

"Alhamdulillahi. Na mjusi wako nimekuwekea. Usimsahau."

Crispus akaokota bisibisi, akaishika feni. Adhana ya Magharibi ikaanza.

"Iache hapo ilipofika," alisema Bi Mwanarusi. "Chumba chako kwa Mzee Taib kimeshatandikwa. Utamalizia kesho, kabla ya Kizingo."